Datsun Iliyolala Bunda

Tulipolivuta turubai, kuku alitoka kwenye kiti cha nyuma, akatukagua mmoja mmoja kama watu waliokuja kudai kodi, kisha akashuka kupitia dirisha lisilo na kioo na kwenda zake bila haraka. Aliacha mayai sita. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno ya kwanza ya gari ambalo kwa miaka karibu arobaini halikuzaa kitu isipokuwa ugomvi wa mirathi.

Tulikuwa Bunda, uani kwa marehemu baba mdogo, ambaye alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia walianza kufunga virago. Mmoja wao, mwenye duka Mtaa wa Mukendo mjini Musoma, alimuuzia baba mdogo gari lake kwa bei ambayo mzee hakuwahi kuitaja hata siku alizokuwa amechangamka kwa pombe. Lilikuwa Datsun 1600 SSS, jeupe, viti vyeusi. Nyumbani tuliliita Esi Tatu.

Sharti la kulipanda lilikuwa moja: viatu mlangoni. Mkubwa kwa mdogo, mgeni kwa mwenyeji, unavua, unakung'uta, unaviweka miguuni. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nyayo zangu bado zinakumbuka zulia lile la mpira na joto la giaboksi lililokuwa likipanda taratibu tukikaribia Makutano.

Ukilitazama leo utauliza uspoti wake uko wapi. Lina milango minne na umbo la boksi la viatu, na mtu asiyejua angelidhania teksi iliyostaafu. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari la familia lenye mbio za kupindukia, na mbio zake zimefichwa chini. Injini yake ni L16 ya cc 1,595, kemshafti iko juu ya hedi na inavutwa kwa cheni, na inalishwa na kabureta mbili badala ya moja. Nyuma, kila tairi linapanda na kushuka kivyake, wakati ambapo magari mengi ya bei yake yalikuwa bado na ekseli moja iliyonyooka kama mti wa mkokoteni. Kwenye lami huwezi kuiona faida ya jambo hilo. Nenda nalo kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, ile inayokutetemesha meno, ndipo utajua kwa nini Wajapani walihangaika.

Na walihangaikia hapa hapa kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake ilikuwa kuua magari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi tena saba. Katikati ya miaka hiyo Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1970 ikaja zamu ya Datsun 1600 SSS: Edgar Herrmann, Mjerumani mkazi wa Kenya, na msomaji ramani wake Hans Schüller walichukua ushindi, na Datsun ikabeba na zawadi ya timu. Mwaka mmoja kabla ya hapo Japani ilikuwa imeshatoa filamu nzima kuhusu Safari, nyota wake Yujiro Ishihara akiendesha gari la ukoo huu huu. Mwaka 1971 Herrmann na Schüller walirudi na 240Z wakashinda tena, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z baada ya kufungana alama na mwenzake Harry Källström. Waamuzi walilazimika kutazama nani alikaa muda mrefu zaidi bila kosa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema gari la spoti lazima liwe na milango miwili na paa la kufunua, namwachia Ulaya yake. Kwa mtu aliyekulia barabara ya Bunda kwenda Kisorya enzi za matope, gari la spoti ni lile linalorudi.

Kwa nini basi hili halikurudi? Kila mtu katika ukoo ana jibu lake. Wanaume husimulia siasa. Mafuta yalipanda duniani mwaka 1973. Vita vya Kagera vikakomba fedha za kigeni zilizobaki. Mwalimu akatangaza miezi 18 ya kufunga mkanda, na mkanda ukakaa kiunoni miaka. Ikafika mahali gari binafsi haliruhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Kisha mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi, na karani mwenye gari la namna ile akaona heri alifunike kabla jirani hajalitaja mahali pabaya. Hakuwa na sukari iliyofichwa wala vitenge chini ya kitanda. Alikuwa na gari tu.

Mama mdogo, ambaye siku hizi anaishi kwao Butiama, ana jibu fupi zaidi. "Mwanangu, ni kampira," aliniambia, akinionyesha ncha ya kidole gumba. Klachi ya gari hili inasukumwa kwa mafuta, na ndani ya masta silinda yake kuna mpira wenye ukubwa wa kifungo cha koti. Mpira uliisha. Musoma haukuwepo, Mwanza haukuwepo, aliyeagizwa Nairobi hakurudi nao. Baba mdogo aliliegesha kwa wiki mbili.

Mimi namwamini mama mdogo. Nimeshayatazama magari ya zamani ya kutosha katika mkoa huu kujua kwamba machache sana yaliuawa na safari. Yameuawa na kuegeshwa. Petroli inayokaa kwenye kabureta hugeuka utomvu na kuziba vijia vyembamba kuliko unywele. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo hula silinda za magurudumu kwa ndani mpaka pistoni zinashikana na kuta. Panya hupenda ngozi ya nyaya. Chini ya zulia, ambako hakuna anayetazama, tone moja la mvua lililoingia kupitia mpira wa kioo hufanya kazi usiku na mchana bila likizo. Gari linalotembea hujikausha lenyewe, hujipaka oili lenyewe, na hupiga kelele likiumwa. Lililoegeshwa hufa kimya kimya huku wenye nalo wakiambizana kwamba lipo.

Tulilipakia kwenye Fuso tukalipeleka Musoma, safari isiyofika kilomita 80, na kulishusha uani kwangu Nyasho. Fundi ni mzee wa miaka 70 na kitu, anayeendesha gereji bubu chini ya mkungu. Alizunguka gari mara mbili, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akalala chini na kutazama. Alipoinuka, hakuzungumzia gari. Alisema, "Leta makopo."

Makopo ya Blue Band, yasiyopungua ishirini. Kila kundi la bolti lina kopo lake, kila kopo lina kipande cha karatasi, na kabla ya kufungua chochote unapiga picha kwa simu, mbali na karibu. Nilidhani ni ushamba. Miezi mitano baadaye, nikiwa na mkono wa wipa mkononi na matundu manne mbele yangu, nilielewa. Kazi ya kufungua gari ni ya wiki moja, na yeyote mwenye spana anaiweza. Magari mengi yaliyokufa mara ya pili yalifia kwenye ndoo moja iliyochanganywa bolti zote.

Kuhusu kutu, tulikuwa na bahati ya jiografia. Ziwa letu ni la maji baridi. Upepo wake hauna chumvi. Datsun kama hii ingelala miaka hiyo yote Msasani au Tanga, ningekuta usukani na kumbukumbu. Hapa paa lilikuwa zima, milango mizima, ila sakafu ya upande wa dereva ilikuwa chandarua na tako la tangi la mafuta lilibonyea kama gamba la yai.

Vitu vidogo vya chuma tulivisafisha kwa magadi. Ndiyo, magadi ya kupikia maharage. Unayakoroga kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, unatumbukiza chuma chenye kutu kikiwa kimefungwa waya wa hasi wa chaja ya betri, na pembeni unaning'iniza kipande cha nondo kilichofungwa waya wa chanya, visigusane. Ukiwasha, maji yanaanza kuchemka bila moto, na baada ya usiku mmoja kutu imebadilika kuwa tope jeusi unalolisugua kwa brashi. Hewa inayotoka ni haidrojeni, inashika moto, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, mbali na jiko na mbali na wavuta sigara. Na usiweke kijiko cha stenlesi kwenye waya wa chanya, kwa sababu kinatoa sumu. Silinda za breki za aluminiamu haziwekwi humo kabisa, zitaliwa. Fundi hapendi njia hii. Anaiona uchawi wa wasomi. Yeye ana msasa, na ana wajukuu wa kuusugulia.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa juu ya injini. Ilikuwa imeshikana; spana kwenye pua ya krenki haikuisogeza hata kidogo. Mzee alikuwa na jibu ambalo kila mwenye gari la zamani Tanzania amelisikia.

"Weka injini ya Toyota, ulale usingizi."

Hana makosa. Nusu ya Peugeot na Land Rover kuukuu zinazotembea kanda ya ziwa zinatembea kwa moyo wa Toyota, na wenyewe wanalala usingizi kweli. Spea ziko kila duka, fundi yuko kila kona. Kama ningekuwa nahitaji gari la kubebea mihogo kutoka Nyamuswa, ningekubali siku ile ile. Lakini Esi Tatu bila L16 yake ni jina tu lililobandikwa nyuma ya buti. Nilikataa. Mzee alinyamaza siku tatu, kisha akaja na chupa: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Tulimimina kwenye matundu ya plagi, vijiko vichache kila silinda, asubuhi na jioni, kama dawa ya mgonjwa. Kila jioni alijaribu spana, kwa kubembeleza, bila kulazimisha. Siku ya kumi na saba ilisogea upana wa wembe. Alikaa chini juu ya tairi na kuwasha sigara yake ya kwanza ya siku hiyo.

Tulipoitoa hedi, silinda ya tatu ilikuwa na mduara wa kutu, nyingine zilikuwa safi kuliko nilivyostahili. Hedi ya aluminiamu ina viti vya valvu vilivyopachikwa, kwa hiyo vinaweza kubadilishwa. Jambo hilo lina maana siku hizi, kwani petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilainisha viti vya injini za zamani, iliondolewa kusini mwa Sahara mwaka 2006.

Spea nazo hazikuwa shida niliyoitarajia. Ukoo wa injini za L uliendelea kutumika kwenye pikapu za Datsun kwa miaka mingi, na pikapu hazikuegeshwa kwa kuogopa macho ya watu. Ringi za pistoni na seti ya gasketi nilizipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa mwuzaji aliyezitoa nyuma ya rafu na kupuliza vumbi. Pampu ya maji ilitoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ikavuka Sirari kwenye begi la nguo. Difu ni simulizi ya peke yake: aina yake, R160, iliendelea kufungwa kwenye Subaru za baadaye, na Subaru zilizokunjwa kwenye ajali hazikosekani nchini mwetu. Vipande vya mpira vya mlango na nembo nilivyoagiza Marekani vilikuwa ghali kuliko pampu na ringi pamoja. Kule gari hili lina wafuasi tangu timu ya Peter Brock ilipochukua ubingwa wa Trans-Am wa magari madogo mwaka 1971 na 1972, na ushabiki hupandisha bei ya kila kifungo. Bushi za nyuma zilichongwa hapa hapa kwenye mashine, na mbili mzee alizikata kutoka tairi la lori. Ziko mpaka leo.

Na ule mpira wa klachi? Shilingi elfu chache, duka la tatu nililouliza, Musoma mjini. Niliuweka kiganjani nikautazama kwa muda.

Kuhusu pesa kwa jumla, sitaki mke wangu asome sana aya hii. Nimevuka bei ya bodaboda mbili mpya na bado kioo kimoja cha nyuma hakipandi. Anayefanya kazi hii akitegemea faida afuge kuku, na kuanzia tunao.

Bodi ilikwenda kwa fundi mwingine, Bweri. Huko ndiko nilikojifunza kwamba gari la zamani lina adui mkubwa kuliko kutu, naye ni puti. Puti inayopakwa juu ya kutu inapendeza Desemba na kupasuka masika. Tulikubaliana kila kilichooza kikatwe, bati jipya lichomelewe, na puti iwe ya kulainisha tu, kama poda. Alinyoosha kila kitu isipokuwa kibonyeo kimoja kwenye bawa la kushoto mbele, ambacho nilimzuia asikiguse. Baba mdogo alikipata usiku mmoja kwa mbuzi wa mtu, karibu na Kiabakari, na kilimgharimu mbuzi wawili. Fundi bodi alinitazama kama mteja mwenye kasoro.

Wakati tukihangaika na msasa uani, nilisoma kuhusu wafanyakazi wa Nissan huko Atsugi, Japani, ambao mwaka 2013, kwa kujitolea baada ya saa za kazi, walifufua 240Z ile ile iliyoshinda Safari ya 1971. Wao walikuwa na karakana ya kiwanda. Sisi tulikuwa na mkungu, na mvua ikinyesha kazi inasimama. Lakini nilifurahi kujua kwamba hata waliounda gari walilazimika kuanza kwa kulifungua na kustaajabu. Huku kwetu, tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya kale, na mwaka 2011 Björn Waldegård, aliyeishinda Safari yenyewe mwaka 1977, aliishinda hiyo pia akiwa na Porsche 911. Nairobi kuna maonyesho ya magari yaliyotunzwa, uwanja wa farasi wa Ngong, ambayo historia yake inarudi hadi 1970. Tanzania tuna Rolls-Royce ya magavana, iliyorithiwa na Mwalimu, pale Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Magari ya watu wa kawaida hayana makumbusho, yana kuku.

Tatizo la mwisho lilikuwa karatasi. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu, na kuihamisha kunahitaji barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na msimamizi anahitaji kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kinahitaji ng'ombe au angalau mazungumzo marefu. Kadi yenyewe mama mdogo aliiweka ndani ya Biblia. Nilienda kuichukua Butiama nikiwa na pikipiki, nikapita mbele ya Makumbusho ya Mwalimu. Oktoba 1967 Mwalimu aliondoka hapo kwa miguu, zaidi ya kilomita 200 mpaka Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Ni vigumu kupita mahali hapo ukiwa na hamu ya gari la spoti bila kuona aibu kidogo. Niliiona, nikaendelea.

Injini iliwaka Jumamosi moja saa kumi jioni. Kabureta mbili ni kama wake wawili, alisema mzee, na mkewe hakuwa karibu. Lazima zivute hewa sawa sawa. Alichukua mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, akizungusha skrubu robo robo huku macho yamefumba, mpaka mvumo ukawa mmoja. Moshi wa bluu ulijaa uani, majirani wakaja, mtoto mmoja akauliza kama ni bajaji.

Tulipolipeleka Butiama ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Pale Makutano askari wa usalama barabarani alitusimamisha, akasoma bima, akasoma kadi, akazunguka, kisha akaomba, kwa sauti ya mtu asiye kazini, tumfungulie boneti. Mzee fundi alimweleza kuhusu kabureta kwa dakika kumi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba alikuwa amekataa injini hiyo.

Mama mdogo alikuwa amekaa kibarazani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Hakuinuka. Alilitazama gari kwa mbali, jicho likatua kwenye bawa la kushoto, kwenye kibonyeo cha mbuzi, na hapo ndipo alipoomba mkono asimame. Nilimfungulia mlango wa mbele. Alishika paa kwa mkono mmoja, akainama kwa taabu, akavua kandambili zake moja baada ya nyingine, akazikung'uta, akaingia nazo.

Nikiwa nimeshashika ufunguo, nilitazama viatu vyangu.

"Vua," alisema.